Pesa ya bango iweke chumbani

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza kama akiba yako ya milioni nne uilipie bango barabara ya Arusha na matangazo ya mtandaoni, au uirudishe hotelini kwako hapo Moshi, maana vyumba vinalala vitupu na wageni wengi wanakuja kupitia mawakala wanaokukata kamisheni. Irudishe hotelini. Mgeni wa Mlima Kilimanjaro hachagui pa kulala akiwa ndani ya gari. Kitanda amekwisha kukilipia kabla ndege haijatua uwanja wa KIA, na aliyemshawishi ni mwenzake aliyewahi kulala mahali hapo, akapiga picha, akaandika maoni.

Mfikirie anayeshuka kwa njia ya Mweka. Siku sita au saba hajaoga, magoti yanamuuma, mkononi ana cheti cha kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na anataka dunia nzima ikione. Saa hiyo ndiyo tangazo lako. Akute benchi nje la kuvulia buti, na bomba la kuzioshea. Mzigo aliokuachia wakati anapanda uwe stoo, umefungiwa, na nguo zake zimefuliwa. Maji ya moto yawepo hata umeme ukikatika: hita ya sola nunua kwanza, mapazia mapya yatasubiri. Na yale matenki ya maji yaliyoziba kilele cha Kibo upande wa kaskazini, yahamishe! Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, mgeni asimame pale na cheti chake apigwe picha. Picha hiyo ataituma mwenyewe kwao, bila wewe kutoa hata senti.

Chumbani usihangaike na marumaru. Soketi karibu na kitanda, taa ya kusomea, ndoano za kutundikia makoti, mashuka meupe yaliyokauka vizuri. Mbao ziwe za mafundi wa hapo Moshi. Halafu kahawa: inauma kuona mgeni anatoka Ulaya hadi chini ya mashamba ya Kibosho, anawekewa kahawa ya kopo. Mpe ya kwetu, iliyosagwa siku hiyo.

Lakini binti wa mapokezi ananipa wasiwasi kuliko vyote. Ni mchangamfu, ila kila jambo anasema, "Subiri nimpigie bosi." Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi atumie hadi dola 2,000 kumtatulia mgeni shida bila kuomba ruhusa. Wewe mpe shilingi 50,000. Mgeni amefika usiku wa manane, jiko limefungwa? Binti amwagizie chakula, alipe, asubuhi akuonyeshe risiti. Na wapagazi wanaosindikiza mizigo wapewe chai na pa kukaa. Wageni wanaona wenyeji wanavyotendewa, na wanayaandika hayo pia.

Kabla hujanunua chochote, lala siku mbili katika kile chumba cha pembeni ambacho wageni hukikataa. Oga humo, chaji simu humo, kisha uniandikie umekuta nini.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako