RustDesk inakwama kwa mteja

Ndugu, unauliza kwa nini RustDesk, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, inakwama kila ukitaka kuweka programu kwenye kompyuta ya mteja wako wa Himbi, hapa Goma. Kwa kawaida ni kwamba yeye anaifungua tu RustDesk bila kuisakinisha. Windows ikiuliza ruhusa ya msimamizi, dirisha lile halikubali kubonyezwa kutoka mbali. Isakinishe kabisa, iwe huduma inayowaka pamoja na Windows, kisha weka nywila ya kudumu, ndefu, tofauti kwa kila mteja. Zima usingizi wa kompyuta. Mashini ya mezani umeme ukikatika inaweza kubaki imezimwa hata umeme ukirudi. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashini kabla Windows haijawaka, chagua iwake yenyewe. Mega zikiwa chache, shusha ubora wa picha. Na poti 3389, mlango wa Remote Desktop ya Windows yenyewe, usiifungue kamwe kwenye intaneti: wezi wanaitafuta usiku na mchana.