Hilo neno refu la Kiingereza tulikateje?

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu yuko kidato cha tatu, wamepewa neno antidisestablishmentarianism walikate kwa silabi halafu walikate tena kwa mofimu. Yeye kakata mara moja tu kajaza kotekote, mi naona sio ila kumwelekeza ndo sijui nianzie wapi. Mama, Morogoro.

JIBU: Uko sahihi mama, ni mikato miwili tofauti kabisa, na mwanao anaijua tayari kwenye Kiswahili. Mpe kitenzi watapikiana. Akikipigia makofi anapata silabi wa-ta-pi-ki-a-na, kwa mofimu, yaani vipande vidogo vyenye maana, ni wa-ta-pik-i-an-a, sasa aiangalie hiyo k, ni mali ya mzizi pik lakini mdomoni inahamia kwa jirani inakuwa ki. Akishaiona hiyo mrudi kwenye neno lenu la herufi 28.

Mi ningeanza na maana, yaani mofimu: anti-dis-establish-ment-arian-ism. Establish ni kuweka rasmi, na establishment hapa ni kanisa kuwa kanisa rasmi la dola, kama Anglikana lilivyo mpaka leo kule England. Dis inaondoa hiyo hadhi, anti inapinga isiondolewe, arian ni mtu wa upande huo, ism ndo msimamo wenyewe. Na watu waligombana kweli juu ya hili jambo, maana kanisa la Ireland lilivuliwa hadhi hiyo kwa sheria ya 1869 iliyoanza kazi 1871, Wales nao wakafuata 1920. Msimulie hayo kwanza, vipande vitamkaa kichwani bila kukariri.

Haya, silabi: an-ti-dis-es-tab-lish-men-tar-i-an-is-m, jumla 12, mkazo mkubwa uko kwenye tar. Asilazimishe kila silabi iishie na irabu kama kwetu, Kiingereza kinaruhusu kufunga na konsonanti, ndo hizo dis, tab, lish. Halafu aone t ya ment ilivyohamia kwenye tar, ni mchezo uleule wa k ya pik, na hapo ndipo mikato miwili inapoachana.

Pale mwisho pana utata kidogo. Ukitamka ism, m inapata pigo lake ingawa haijaandikiwa irabu, inakaribia m ya mtoto, ila kamusi za Kiingereza zikigawa neno kwa maandishi huwa zinaiacha ism nzima. Kwa hiyo akihesabu mapigo ni 12, akifuata vigawanyo vya kamusi vinatoka 11. Amuulize mwalimu anataka ipi kabla hajaandika.