Kabla hujaweka ESP8266 kwenye bruda: itoe hiyo while kwanza

Mkuu, hiyo programu uliyobandika, ya bodi ndogo ya ESP8266 inayoongoza taa ya joto kwenye bruda (chumba cha kulelea vifaranga), ifute kwenye bodi leo. Usisubiri vifaranga waingie ndiyo uanze kuhangaika.

Najua umeuliza mambo manne: broka (seva inayopokea ujumbe wa bodi na kuupeleka kwenye simu) wa bure au wa kwako, ESP8266 au bodi nyingine ya ESP32, joto lionekane vipi kwenye simu, na utaongezaje bruda ya pili na ya tatu. Nitayafikia nikikumbuka. Kilichonitoa jasho ni ule msimbo uliobandika, pale penye while (!client.connected()), yaani rudia mpaka broka apatikane, na chini yake delay(5000), yaani lala sekunde 5, halafu ukajisifu kwamba mezani imefanya kazi safi wiki nzima. Mezani hata yangu ilikuwa malaika.

Hiyo while inaua hivi. Bodi yako ina kazi moja inayozunguka: inasoma sensa, inaamua taa iwake au izime, inatuma namba kwa broka, inarudi mwanzo. Muunganisho na broka ukikatika, inaingia kwenye reconnect() na humo ndani inazunguka mpaka ipate. Inajaribu, inashindwa, inalala sekunde 5, inajaribu tena. Wakati huo hakuna anayesoma joto wala anayegusa rilei, ile swichi ya kuwasha na kuzima taa. Rilei inabaki vilevile ilivyoachwa. Kama taa ilikuwa imezimwa, vifaranga watapigwa baridi. Kama ilikuwa inawaka, itawaka mpaka mtandao urudi, hata kama ni keshokutwa. Na usitegemee kile kipima muda cha ndani kinachoiwasha bodi upya ikiganda. Kwenye ESP8266, delay() inakituliza kila mara, kwa hiyo kwa upande wake bodi ni nzima kabisa, haina tatizo lolote, inasubiri tu.

Mimi hata umeme haukukatika. Bando ndilo lililoisha. Ruta ya laini ya simu, bando la wiki, likaisha usiku wakati taa inawaka kwa sababu nje kulikuwa na ubaridi. Wifi ilibaki ipo, taa za ruta zote kijani, bodi ikiangalia inaona imeunganishwa vizuri. Ila ng'ambo ya ruta hakuna njia. Asubuhi nilipochomeka kompyuta, skrini ilikuwa inashusha mstari uleule mmoja: failed, rc=-2 try again in 5 seconds. Hiyo -2 maana yake bodi haikuweza hata kumfikia broka. Inajaribu tena baada ya sekunde 5, kwa adabu zote, huku banda linaiva.

Sasa sikia kilichoniuma zaidi. Usiku ule niliamka nikaangalia simu. Simu ina bando lake, iko hewani. Skrini inaniambia bruda ina nyuzi 33.4. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka kati ya 32 na 35, kwa hiyo 33.4 ni namba ya kulala usingizi. Nikalala. Ile ilikuwa namba ya mwisho iliyotumwa kabla bando halijaisha. Nilikuwa nimeweka retain kuwa true, yaani broka anautunza ujumbe wa mwisho na kumpa kila anayeuliza. Broka hakunidanganya. Nilimwambia atunze, akatunza.

Asubuhi waliokuwa hai walikuwa wamejibana ukutani mbali kabisa na taa, midomo wazi, mabawa wameyaachia pembeni. Kwenye kona kulikuwa na rundo. Ukiwainua wa juu, wa chini wameshakakamaa. Maji kwenye kinyweshea yalikuwa ya kuogea. Zaidi ya nusu walikwenda. Mama mkwe, ambaye amefuga kuku kabla mimi sijazaliwa, alichungulia mlangoni akasema, "Jiko langu la mkaa halihitaji bando." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tangu siku hiyo simu ikipotea mtandao mezani ananiuliza kama wali umeiva au tusubiri bando.

Na yule mwalimu wa video, maana najua kabisa msimbo wako umetoka kwake, hata majina ya vigezo hujabadilisha. Ndiye aliyesema "hii sehemu ya reconnect nakili kama ilivyo, usiiguse, imejaribiwa." Imejaribiwa kuwasha taa ndogo ya buluu mezani kwake! Nilipomwandikia kilichotokea alinijibu kwa alama ya mikono inayoomba. Nikauliza tena, akanikaribisha kwenye kozi yake ya kulipia. Mtu anafundisha kuendesha kitu kinachotoa moto kwenye chumba chenye maranda na viumbe hai, halafu hasemi hata sentensi moja kuhusu mtandao kukatika. Na watu wanampa pongezi pale chini kama mvua.

Wenye maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kuongea na broka, siwalaumu. PubSubClient ya Nick O'Leary ni kitu kizuri, nyepesi, mpaka leo ndiyo naitumia. Ule mfano wenye while umeandikwa kuonyesha ujumbe unavyotumwa na kupokelewa, na kwa kazi hiyo unatosha. Kwenye folda ileile ya mifano, hatua chache tu chini, kuna mwingine unaitwa mqtt_reconnect_nonblocking. Umekaa pale unasubiri mtu aufungue. Mwalimu wetu hakuteremsha kidole.

Halafu kinachoniudhi ni kwamba MQTT yenyewe, ile lugha ambayo bodi na broka wanaongea, ilizaliwa kwenye mitandao mibovu. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliitengeneza mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo muunganisho ni ghali na unakatika. Kukatika walikutarajia tangu siku ya kwanza. Sisi tunaoishi na bando la wiki ndio tunaandika programu kama vile mtandao ni ukuta wa nyumba.

Sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: bodi ifanye kazi yake kamili bila mtandao, na kuunganisha upya kusisimamishe chochote. Joto na taa kwanza, broka baadaye. Hivi:

void loop() {
  somaJoto();
  amuaTaa();
  if (client.connected()) {
    client.loop();
  } else if (millis() - jaribioLaMwisho > 30000) {
    jaribioLaMwisho = millis();
    unganisha();
  }
}

Ndani ya unganisha() unajaribu mara moja tu, ukishindwa unatoka. Hakuna while, hakuna delay. Jaribio lenyewe linaweza kuishika bodi kidogo, kwa sababu maktaba imepangiwa kumsubiri broka ajibu hadi sekunde 15, lakini sekunde 15 haziui kifaranga. Usiku mzima unaua.

Na amuaTaa() isisubiri amri ya simu. Nimeona kwenye msimbo wako simu ndiyo inatuma "ON" na "OFF". Mkuu, hapana! Simu itume kiwango tu, kwa mfano 34, bodi ikihifadhi na kuamua yenyewe. Tena humo ndani weka kinga ya sensa: DS18B20, hiyo sensa yako ya joto, waya wake ukichomoka, maktaba yake inakurudishia -127. Programu yako ya sasa itaona banda limekuwa baridi kuliko barafu na itawasha taa kwa huruma zote. Ukipata -127, zima taa na piga kelele. Hata 85 kamili itilie shaka, ndiyo namba ambayo sensa hiyo huwa nayo inapowashwa kabla haijapima.

Ili simu isikulaze usingizi kama ilivyonilaza mimi, tumia wosia. Wakati wa kuunganisha, bodi inamwachia broka ujumbe wa kutangaza ikitoweka:

client.connect("bruda-1", mtumiaji, siri, "banda/bruda1/hali", 1, true, "IMEKATIKA")

Ukishaunganishwa unatuma "ipo" kwenye mada hiyohiyo (anwani ya ujumbe, hapo ni banda/bruda1/hali), nayo kwa retain. Maktaba imewekwa isizidi sekunde 15 bila kumgusa broka, na broka anavumilia mara moja na nusu ya hapo, kwa hiyo ndani ya nusu dakika hivi simu yako inajua. Fanya neno hilo liwe jekundu na liwe kubwa kuliko namba ya joto. Hivi ndivyo joto lionekane kwenye simu, swali la tatu hilo nimelijibu bila kukusudia.

Bodi ya pili na ya tatu: kila moja iwe na jina lake hapo mwanzo wa connect. Wewe umeweka "ESP8266Client" na unataka kunakili programu hiyohiyo kwenye zote. Broka akipata mgeni mwenye jina la aliyemo ndani, anamtoa wa kwanza. Huyo naye anarudi, anamtoa wa pili, na zitafukuzana hivyo mchana na usiku. Kwenye broka wa bure wa umma ni balaa zaidi, kwa sababu jina hilo wamelinakili watu kibao na mtafukuzana na bodi ya mtu asiyejua hata bruda ni nini. Sasa changanya na ile while: kila bodi inayofukuzwa inaacha joto na taa mpaka iunganishwe tena. Unaona ninachosema?

Broka wa bure kwa majaribio sawa, kwa banda hapana. Anayejua mada yako anaweza kukutumia kiwango cha 60 akiwa kitandani kwake. Weka Mosquitto, programu ya kuwa na broka wako mwenyewe, kwenye kompyuta ndogo hapohapo bandani, na kumbuka kuanzia toleo la 2.0 inasikiliza mashine yake yenyewe tu mpaka uiandikie mstari wa listener na namna ya kuingia.

ESP32 na ESP8266 tutaongea siku nyingine, hiyo siyo shida yako.

Kabla ya kuniambia umerekebisha, fanya jaribio hili. Weka sensa mahali pa baridi mpaka taa iwake. Kisha chomoa laini kwenye ruta, ruta yenyewe iache inawaka (kama Mosquitto iko hapohapo bandani, zima hiyo kompyuta), usubiri dakika moja. Sasa chovya sensa kwenye kikombe cha chai ya moto, sensa iliyo ndani ya bomba la chuma haipitishi maji, na uangalie taa. Isipozima ndani ya nusu dakika, programu haijapona. Chai iwe ya rangi na bila sukari, maana hiyo sensa inarudi bandani na sisimizi wa kule hawana mchezo.