Kisanduku-S kimegota 98: kinachokukwamisha ni kipimo

Swali: Shikamoo mhandisi. Niko mwaka wa tatu hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mradi wangu ni kompyuta ijitafutie kisanduku-S cha biti 8, yaani jedwali la usimbaji linalobadili namba 0 hadi 255. Naanza na mpangilio wa nasibu, nabadilishanisha namba mbili, nonliniariti (umbali wa jedwali na fomula nyoofu) ikipanda nabaki na badiliko hilo. Imekesha ikigota 98. Nitafikaje 112 ya AES, ule usimbaji unaotumika sana?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nonliniariti inatazama thamani moja tu, iliyo kubwa kuliko zote, kati ya 65,025 za Walsh, zinazopima jinsi biti za kutoka zinavyofuata fomula nyoofu za biti za kuingia. Nusu yake unaitoa kwenye 128. Wewe uko 98, kwa hiyo kubwa yako ni 60. Sasa, kubadilishanisha namba mbili husogeza kila thamani kwa 4 au hakuigusi kabisa. Ukiwa na thamani kumi zilizofika 60 na ukashusha moja, umepiga hatua ya kweli, lakini kipimo chako hakioni kitu na unaitupa. Ni sawa na kupanda kilima cha Mlimwa hapo Dodoma usiku ukikataa kila hatua isiyokuinua: utakesha juu ya jabali la kwanza.

Pima thamani zote. Chukua ukubwa wa kila moja, uupandishe kwa kipeo R, ujumlishe, kisha tafuta jumla ndogo. Usiweke R = 2! Kwa kanuni ya Parseval jumla ya miraba haibadiliki hata ufanye nini, na utapoteza usiku mwingine. Anza na 10 au 12, ila gawa kwanza kila thamani kwa 4, maana 60 kwa kipeo cha 12 haienei kwenye namba ya biti 64. Mwanzoni kubali pia hatua mbaya, kisha uzipunguze kidogo kidogo kama chuma kinavyopozwa. Hivyo 102, hata 104, inafikika.

112 usiitarajie kwa njia hii. Mipangilio ni 256!, namba ya tarakimu 507. Daemen na Rijmen, waliobuni AES, hawakubahatisha: walichukua kinyume cha namba katika uga wa elementi 256 (mfumo wa hesabu wenye namba 256 tu), njia ambayo mwanahisabati Kaisa Nyberg alikuwa ameichambua mwaka 1993.

Lakini usivunjike moyo, utafutaji umewahi kuwashinda wanahisabati. Kwa fomula za Boole zenye vigeu 9 (zinapokea biti 9 na kutoa biti moja), nonliniariti ilisimama 240 kwa miaka mingi. Mwaka 2006 Kavut, Maitra na Yücel wakapata 241 kwa kompyuta. Walijifunga kwenye fomula zisizobadilika ukizungusha biti zake, na uwanja wa kutafutia ukashuka kutoka 2 kwa kipeo cha 512 hadi 2 kwa kipeo cha 60. Mimi naupenda sana mfano huu.

Nawe bana uwanja. Hamia biti 4, ambako 16! ni kama trilioni 21 tu na nonliniariti bora, 4, inapatikana upesi. Kisha ongeza idadi ya geti (sakiti ndogo za mantiki) kwenye jumla yako, utafute kisanduku kinachofaa chipu ndogo. Pima na jedwali la tofauti pia, linalohesabu ni mara ngapi tofauti fulani ya kuingia hutoa tofauti fulani ya kutoka; kubwa yake ikiwa ndogo ni bora: AES ina 4, na msimamizi wako atakuuliza yako ni ngapi.