Kushusha gia huku umeshika breki

Vijana wenye Altezza na Impreza za gia za mkono wakinikuta gereji, swali lao halibadiliki: "Ami, unashushaje gia na huku umekanyaga breki, na gari isishtuke?" Wengi wameshaona kwenye simu zao miguu ya madereva wa Kijapani, pedeli tatu na mguu wa kulia unaocheza, na wanadhani siri iko kwenye ule mvumo wa injini. Mimi huwajibu kuwa siri iko kwenye breki. Mtu anayeweza kushika breki kwa uzito uleule mwanzo mpaka mwisho, hata kama kifundo cha mguu kinafanya kazi nyengine, huyo ameshamaliza sehemu kubwa ya somo. Anayepiga resi ya kupendeza, yaani kuivumisha injini kwa kugusa pedeli ya mafuta, lakini breki yake inalegea na kukaza, pua ya gari inainama na kuinuka, bado hajaanza.

Tuelewane kwanza kwa nini tunahangaika. Kila gia ina mizunguko yake ya injini kwa mwendo uleule. Kwenye Altezza RS200 ya gia 6, ukiwa gia ya 3 na mshale wa mizunguko ya injini uko 3,000, mwendo huohuo kwenye gia ya 2 unataka karibu 4,400. Sasa, ukikanyaga klachi huku umeachia mafuta, mshale unaporomoka. Ukiingiza gia ya 2 na kuachia klachi, nani anaipandisha injini mpaka 4,400? Ni matairi ya nyuma, kupitia sahani ya klachi. Hapo ndipo gari inaposhtuka, abiria anatikisa kichwa na klachi inaliwa. Kwa gari inayosukumwa na matairi ya nyuma kuna jambo kubwa zaidi. Unapofunga breki uzito unakwenda mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi. Ukiyapa mzigo wa injini kwa ghafla wakati huo yanaweza kugoma kuzunguka, na mkia unakutoka. Mvua ya mwanzo ya vuli ikiikuta lami ina vumbi na mafuta ya miezi kadhaa, hilo halihitaji mwendo mkali.

Dawa ni kuipandisha injini wewe mwenyewe kabla hujaachia klachi. Mguu wa kushoto uko kwenye klachi, wa kulia uko kwenye breki, kwa hiyo anayebaki wa kugusa mafuta ni huyohuyo wa kulia.

Niweke sawa jambo moja hapa, maana kuna imani kongwe kuwa dereva hodari husimamisha gari kwa gia. Padi za breki unazibadilisha mara moja na unaondoka. Sahani ya klachi mpaka giaboksi lishushwe. Breki ndiyo ya kupunguza mwendo. Gia unaishusha ili ukitoka kwenye kona uwe tayari kwenye gia inayovuta. Mteremko mrefu ndio pekee unaostahili kuachiwa injini ibebe kazi, na hapo gia unaishusha ukiwa bado juu, kabla ya kuanza kuteremka.

Mimi nimezoea hili Pemba zaidi kuliko Unguja. Unguja barabara nyingi ni tambarare, unaweza kutoka mjini mpaka Paje ukashusha gia kwa ajili ya matuta na askari wa barabarani tu. Pemba ni vilima na mabonde. Ukitoka Mkoani kwenda Chake, au Chake kwenda Wete, unapanda, unateremka, kona inakusubiri chini, na ukishaikata unaanza kupanda tena. Pale chini unahitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja: mwendo upungue, gia iwe ya chini, na gari itulie. Hata mtu asiyependa mbio, mwenye Carina yake ya gia, ananufaika.

Viatu sasa. Wazanzibari tunaendesha na kubadhi au ndara, na hili linataka uvumilivu kulisema bila kumkera mtu: haiwezekani. Kubadhi inaachana na kisigino pale tu unapouzungusha mguu, na ndara inajikunja chini ya pedeli. Raba nene za kukimbilia nazo hazifai, soli yake inakuficha breki. Tafuta raba nyembamba, zile za kuchezea mpira ukumbini ni nzuri sana. Na siku ya Ijumaa ukiwa umetoka msikitini na kanzu yako, pindo linafika mpaka kwenye pedeli; siku hiyo endesha kistaarabu tu, yakhe.

Kisha angalia chini ya miguu. Zulia la gari lisilofungwa linasogea mbele na kukwamia kwenye pedeli ya mafuta. Litoe. Kiti kisogeze mpaka uweze kuikanyaga klachi yote bila kunyoosha goti, na kisigino cha kulia kiwe na pa kukaa. Halafu injini ikiwa inanguruma, hendibreki juu, gia frii, kanyaga breki kwa nguvu kama unayotumia kwenye kona na utazame pedeli ya breki imekaa wapi ikilinganishwa na ya mafuta. Inatakiwa iwe sawa nayo au juu kidogo. Ukiigusa breki kidogo tu, inabaki juu sana na mguu hauyafikii mafuta. Ndiyo maana mbinu hii inakubali pale unapofunga breki ya maana, na inakataa ukiwa unasogea taratibu kwenye foleni ya Darajani. Usijilaumu kwa foleni.

Nimesema injini iwe inanguruma kwa makusudi. Wengi hufanya mazoezi gari ikiwa imezimwa, na baada ya kukanyaga mara mbili tatu kile chombo kinachosaidia breki kinaishiwa nguvu yake ya kuvuta, inayotoka kwenye injini, pedeli inakuwa ngumu na inakaa juu. Mguu unajifunza mahali ambapo barabarani hapapo.

Mguu wenyewe unakaa hivi: ile nyama iliyo chini ya kidole gumba iwe kwenye ukingo wa kulia wa breki, si katikati. Kisigino kielekee kulia kidogo. Kugusa mafuta, usiinue mguu. Uzungushe kifundo ili ubavu wa kulia wa unyayo ushuke kwenye mafuta. Wenye miguu mikubwa hawana taabu. Mwenye mguu mdogo, au gari yenye pedeli zilizoachana, atalazimika kugeuza mguu zaidi na kuyafikia mafuta kwa kisigino. Zote ni halali, ilimradi uzito ulio juu ya breki haubadiliki. Bana breki kama unavyobana tui kwenye kifumbu, kwa nguvu isiyorukaruka.

Hapo umesimama, zungusha kifundo, piga resi ndogo, rudi. Sikiliza injini lakini uisikilize breki zaidi kwa mguu: ikisogea chini kila ukigusa mafuta, bado. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari jioni atazame ukuta unaomulikwa na taa za breki. Zikizimika wakati wa resi, mguu unaruka.

Hatua ya pili haina breki kabisa. Barabara tupu na iliyonyooka, gia ya 4, mwendo wa 50 hivi. Kanyaga klachi, toa gia, gusa mafuta mara moja kwa wepesi, ingiza ya 3, achia klachi. Hapa sikio ndilo linalofundishwa. Kwenye Altezza, kutoka ya 4 kuingia ya 3 ni kutoka 3,000 kwenda kama 3,600 tu, mguso mdogo sana. Kutoka ya 3 kuingia ya 2 ni ule mruko wa mpaka 4,400. Watu hupiga resi ya aina moja kwa gia zote kisha wanashangaa kwa nini moja inaingia vizuri na nyengine inashtua. Gari ikijirusha mbele ulipoachia klachi, resi ilizidi. Ikivutwa nyuma, resi haikutosha au umechelewa na mshale umeshaanguka. Kuchelewa ndiyo shida ya wengi, kwani wanapiga resi, wanasubiri, ndipo wanaingiza gia. Mkono na mguu viende pamoja.

Mpaka hapo hapajaguswa breki ya kweli, na mimi nashauri ukae katika hatua hii mpaka uifanye bila kufikiri, hata ukiwa unazungumza na mtu pembeni.

Ukiviunganisha, anza na breki ndefu mahali palipo wazi. Breki kwanza, peke yake, mwendo upungue. Ndipo klachi, gia, mguso wa mafuta, klachi juu, na breki bado iko palepale. Usukani unageuzwa baada ya yote hayo. Kosa linaloharibu injini ni kushusha gia mapema, mwendo ukiwa bado mkubwa: ukiachia klachi kwenye gia ya 2 kwa mwendo wa gia ya 4, magurudumu yanaisukuma injini kupita mstari mwekundu na hakuna kidhibiti cha mafuta kitakachoizuia. Gia ya 1 iache kabisa. Na ukiona katikati ya zoezi breki inakukimbia, acha mafuta, acha gia, shika breki. Gari kusimama ni bora kuliko resi kuwa tamu.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Wete, zamani aliendesha malori ya Bedford yenye bodi la mbao, abiria na magunia ndani yake. Gia hazikuwa zikikubali kirahisi, ikawa lazima akanyage klachi, atoe gia, aachie, apige resi, akanyage tena ndipo aingize. Cadillac walishaleta zile pete za kusawazisha mwendo ndani ya giaboksi tangu 1928, lakini malori yalichelewa kuzipata. Nilipomuonesha ninavyofanya alicheka: "Sisi tulilazimika, mwanangu. Nyinyi mnafanya kwa raha zenu." Bado mbinu yake ya klachi mbili naipendekeza kwa mwenye gari kuukuu ambayo gia ya 2 inakwaruza, inazipumzisha pete zilizochoka.

Pa kufanyia mazoezi pataka busara. Barabara ya msitu wa Jozani hapana, matuta yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju, na bado wanavuka watakapo. Vijijini epuka saa za watoto kutoka skuli na madrasa. Msimu wa karafuu Pemba, watu wanaanika pembezoni mwa barabara juu ya majamvi, mama kainama anageuza karafuu zake na mgongo ameupa barabara. Gari ya ng'ombe inaweza kuwa nyuma ya kona yoyote. Asubuhi mapema baada ya sala, barabara unayoijua, mwendo wa kawaida. Mbinu hii haihitaji kasi ili ijifunzike.

Wenye gari mpya wameshasaidiwa. Nissan 370Z ya toleo la 2009 ilikuja na mfumo unaopiga resi wenyewe unaposhusha gia, na wengine wakafuata. Upande wa pili, baadhi ya gari za kisasa hukata mafuta ukikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, kwa usalama. Ukiwa na gari ya namna hiyo na resi haitoki, huenda mguu wako hauna kosa, kwa hiyo soma kitabu cha gari kwanza.

Kwa gari zetu kuukuu ni kinyume chake: kagua breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na unyevu visiwani kwetu haukosi. Pedeli iliyokuwa ikisimama sawa na ya mafuta inaanza kuzama, leo hapa, kesho chini zaidi, na mguu haujui tena uzunguke kutoka wapi. Mwambie fundi abadilishe mafuta yote na kutoa hewa iliyo ndani ya mabomba ya breki kwenye magurudumu yote manne, kisha upime upya pedeli zimekaaje.