Picha ya zamani ya Dodoma: usiamini mwaka wa kuambiwa

Wiki iliyopita binti mmoja wa hapa mjini alinitumia picha na ujumbe: "Shikamoo mjomba. Hii ni ya marehemu babu, nyuma aliandika neno Uhuru. Nyumbani wote wanasema ni 1961. Tunataka kuikuza tuiweke sebuleni na mwaka chini yake. Tuandike hivyo?"

Nikamjibu usiku uleule: msiandike kwanza.

Naandika haya nikiwa na furaha, nisifiche. Picha ile imenipa nafasi ya kuonyesha jambo ninalolisema kila siku na watu wananiona msumbufu. Na najua wengi mnaonisoma mna albamu za wazee kabatini na mnataka kujua mambo haya haya.

Ni picha nyeusi na nyeupe yenye ukingo mweupe. Mtaa wa Uhindini, maduka ya baraza huku na huku, watu wamejipanga kando ya barabara kama wanaosubiri maandamano yapite. Kamba za vibendera vya karatasi zimefungwa kutoka baraza hadi baraza. Land Rover imeegeshwa ikitazama kamera. Mama mmoja amempakata mtoto, na mtoto ananyoosha mkono kutaka kibendera kilicho juu yake.

Nilianza na kibendera hicho. Nilikikuza kwenye kompyuta mpaka chembe za picha zikaonekana. Mkanda mweusi unakatiza kimshazari, kutoka kona ya chini kwenda kona ya juu. Bendera ya Tanganyika iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa hivyo. Mistari yake ilikuwa ya kulala, kijani juu na chini, nyeusi katikati, na dhahabu nyembamba kati yao. Mshazari ni wa Tanzania, na Tanzania ilizaliwa na Muungano wa Aprili 1964. Picha isiyo na rangi haikuzuii kuona hilo. Kwa hiyo 1961 ikafa palepale.

Hii ndiyo kanuni ninayoifuata siku zote: tafuta kitu kipya kuliko vyote ndani ya picha. Vitu vya kale havikusaidii sana, maana nyumba ya Mjerumani inasimama mpaka leo na baiskeli ya babu hurithiwa na mjukuu. Kipya ndicho kinachokuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukishakipata, tafuta kitu ambacho baadaye kilitoweka. Mwaka wako uko katikati.

Kipya kuliko vyote katika picha ya binti yule si bendera, ni Land Rover. Zile za zamani taa zao za mbele zimekaa karibu karibu, ndani, pande mbili za grili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kati ya 1968 na 1969, kiwanda kilizihamishia nje, zikakaa kwenye madigadi. Hii ya Uhindini taa zake ziko kwenye madigadi. Na gari halifiki Dodoma siku linapotoka kiwandani Uingereza. Kwa hiyo 1964 nayo tumeiacha nyuma, tuko 1969 hivi au baadaye.

Niseme na lililo moyoni. Miaka michache iliyopita ofisi moja, sitaitaja, iliandaa maonyesho ya historia ya mji wetu. Walichapa bango kubwa la picha ya mtaa, chini yake wakaandika mwaka. Nilipoliona kabla ya siku yenyewe nikawafuata, nikawaonyesha gari ambalo mwaka ule lilikuwa bado halijatengenezwa popote duniani. Kijana aliyekuwa mezani akaniuliza mimi ni nani, nina shahada gani ya historia, kisha akaniambia wageni hawataangalia magari. Bango likatundikwa. Watoto wa shule wakapitishwa mbele yake wakinakili ule mwaka kwenye madaftari. Nilisimama pale nikawatazama wakiandika, na mpaka leo nikilikumbuka naumia. Halikuniuma kwa sababu ya shahada. Wale watoto walikuja kujifunza mji wao, na mtu mzima aliyekuwa na ukweli mkononi akaona ni mzigo kubadilisha tarakimu nne.

Turudi kwenye picha. Nyuma ya watu kuna kitambaa kirefu kimetandazwa mbele ya duka, na herufi nne zinasomeka vizuri: TANU, chama kilichotawala wakati huo. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ya Zanzibar ziliungana, kikazaliwa chama cha CCM. Rangi ya ukutani huweza kubaki miaka mingi baada ya chama kufa, ndiyo maana maandishi ya ukutani siyategemei sana. Kitambaa cha sherehe ni kitu kingine, hufungwa asubuhi na kukunjwa jioni. Basi tuna 1969 upande huu na mwanzo wa 1977 upande ule.

Nilipoiweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, mzee mmoja ninayemheshimu akasema hiyo ni Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai, si Uhuru, maana Saba Saba ndiyo ilikuwa siku ya TANU. Hoja nzuri. Hapo nikaamua kwenda mwenyewe Uhindini na simu yenye dira, nikasimama pale aliposimama mpiga picha. Maduka mawili bado yapo, na nguzo za baraza zao zinatosha kukuweka mahali sahihi.

Nilichokuwa natafuta ni vivuli. Dodoma iko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta. Kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua linapita kusini kwetu kutwa nzima, kwa hiyo vivuli vyote, vya asubuhi na vya jioni, vinaegemea kaskazini. Julai ni kinyume chake: jua liko kaskazini, vivuli vinaegemea kusini. Katika picha, kivuli cha kila nguzo kinaegemea kaskazini, na ni kifupi sana. Hata hilo Land Rover linajikalia juu ya kivuli chake. Kwa hiyo si Saba Saba. Ni kati ya Oktoba na Machi, na Desemba imo ndani. Mzee alikubali bila kinyongo, na nilimpenda kwa hilo.

Sasa babu aliandika neno moja tu, Uhuru. Hakuandika 1961, hiyo waliiongeza wajukuu, kwa sababu Uhuru na 1961 huenda pamoja vichwani mwetu. Kati ya Desemba zote za 1969 hadi 1976, ipo moja iliyokuwa kubwa kuliko nyingine: tarehe 9 Desemba 1971, Uhuru ulipotimiza miaka kumi. Sikumwambia binti kwamba ndiyo. Nilimwambia inaelekea, na kwamba neno la babu halikuwa na kosa hata kidogo.

Ndugu zangu, tumepewa mji unaobadilika haraka. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa uliuanzisha, na leo ukiondoka mwaka mmoja unarudi hujui pa kukatia kona. Msikae na picha zenye miaka ya kubuni. Angalieni herufi kwenye mabehewa: EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, ilikuwepo 1948 hadi 1969, na TRC, Shirika la Reli Tanzania, halikuwepo kabla ya 1977. Kibao cha Benki ya Taifa ya Biashara hakiwezi kutangulia 1967, benki zilipotaifishwa. Hata picha za juzi zina umri wake: duka lililopakwa rangi na jina la kampuni ya simu ya Zain si la kabla ya 2008, kwani kabla yake ilikuwa Celtel, na mwishoni mwa 2010 ikaja Airtel. Tarehe iliyochapwa ukingoni mwa picha mara nyingi ni ya kusafishwa, si ya kupigwa. Nguo msizitegemee, mtu huvaa koti la baba yake. Na kitu kukosekana si ushahidi; huenda kiko nyuma ya kamera.

Binti na familia yake wamekubali kuandika "Sikukuu ya Uhuru, Dodoma, kati ya 1969 na 1976, huenda 1971". Mwenye picha ya mtaa wowote wa Dodoma, Kondoa au Mpwapwa anitumie, askani mbele na nyuma, na asiikate kingo.