Kuhama Dar es Salaam kwenda Nairobi: nani atapokea mshahara, nani atapigwa na baridi?

Mtu wa Dar es Salaam akipata kazi Nairobi, ndugu na marafiki humuuliza kwanza kuhusu mshahara, kisha kuhusu baridi. Yote mawili ni maswali ya haki, ila tuna mazoea ya kuyaweka kwenye mizani moja kana kwamba anayepokea mshahara na anayepigwa na baridi ni mtu yuleyule. Nyumbani kwetu haikuwa hivyo. Mimi niliyehamia kazi ya ukaguzi wa hesabu nilishinda ofisini, penye watu wengi na chai ya moto. Waliobaki na baridi ni mke wangu na mama yangu mzazi. Ndiyo maana anayeniomba ushauri mimi humwambia aandike kwanza majina ya watu wa nyumbani kwake, halafu ajiulize kila mmoja atapata nini na atakosa nini.

Nianze na hali ya hewa, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Dar iko usawa wa bahari, na Nairobi iko takriban mita 1,700 juu yake. Kwa kuwa joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, miji hii miwili iliyo jirani na ikweta inaweza kupishana kwa nyuzi 10 siku moja. Anayefika Januari au Februari hudanganyika kirahisi, maana wakati huo Nairobi ina jua zuri mchana na ubaridi wa kupendeza usiku, ilhali Dar watu wanalala na feni na bado wanaamka na jasho. Shida huja Juni hadi Agosti, pale mawingu yanapotanda kuanzia asubuhi na usiku joto kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Mtu aliyewahi kuishi Ulaya atacheka akisikia hiyo inaitwa baridi, lakini nyumba za Ulaya zina vipasha joto. Nyumba nyingi za Nairobi hazina. Sakafu ni vigae, kuta ni mawe, na mara nyingi ndani kuna baridi kuliko nje.

Kwa hiyo chagua nyumba kwa jua, kama ambavyo Dar tunachagua kwa upepo. Huku Pwani mpangaji mjanja huangalia kama madirisha yanapokea kusi au kaskazi. Nairobi aangalie jua linaingia wapi mwezi wa Julai. Miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini, hivyo sebule yenye dirisha kubwa la kaskazini au mashariki ina thamani kuliko jiko la kisasa. Na tafadhali, mtu asiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili apate joto. Hewa yake haina harufu ya kukutahadharisha, na imekwisha kuua familia nzima.

Faida nayo ipo. Kwa sababu ya mwinuko, malaria si tishio Nairobi kama ilivyo Dar, na wenye watoto wadogo huliona hilo mapema. Lakini mwili unaokaa muda mrefu bila kuumwa malaria hupoteza kinga uliyokuwa umejijengea, kwa hiyo mkirudi Dar likizo msiache kulala kwenye chandarua kwa kujiona wenyeji.

Upande wa kazi sina mengi, kwa kuwa wengi huwa wameshaufikiria. Nairobi kuna makao makuu ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la mazingira na la makazi, pamoja na ofisi za kanda za kampuni nyingi. Mhasibu au mtaalamu wa programu akiachana na mwajiri mmoja ana pengine pa kubisha hodi. Ambaye riziki yake inategemea bandari ya Dar, inayohudumia Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi afikiri mara mbili, maana huenda anapanda cheo huku akiliacha soko lake nyuma. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayolenga kurahisisha raia kufanya kazi katika nchi wanachama, ilianza kutumika Julai 2010, lakini kibali cha kazi bado kinahitajika, na msichukulie kwamba kibali cha mmoja kinamruhusu mwenza wake naye kuajiriwa. Ulizeni kabla hajaacha kazi yake Dar.

Utamaduni ndio uliotushangaza, kwa sababu tulidhani tunahamia kwa jirani. Mama alizoea kupewa shikamoo na kila mtoto wa mtaani, na jioni kukaa barazani na wenzake. Nairobi vijana humsabahi kwa “sasa”, bila dharau yoyote, na giza likiingia kila mtu yuko nyuma ya geti lake. Baridi nayo ina mchango wake hapo, maana nani akae nje? Siku za mwanzo alikwenda kwa mama mboga na kuanza kumuuliza hali, watoto na biashara, na kabla hajafika kwenye sukuma wiki wateja wengine walikuwa wameshakatiwa zao na kuondoka. Baadaye akajua kwenda saa nne, jua linapotoka mawinguni na wateja wamepungua, akawekewa kigoda.

Watoto wanaotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili watakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na hesabu wanazozijua vizuri zitawashinda kwa sababu ya lugha tu. Tafuteni mwalimu wa ziada mapema.

Kama inawezekana, nendeni mkaitazame Nairobi mwezi wa Julai, na anayekwenda kuchagua nyumba awe ni yule atakayeshinda humo. Kodi hulipwa kwa mwezi pamoja na amana, tofauti na Dar ambako wenye nyumba wengi hudai ya miezi sita au mwaka, kwa hiyo kuhama nyumba isiyofaa si balaa. Sisi tulihamia ghorofa ya juu yenye jua, kwa kodi kubwa zaidi. Nyongeza ya namna hiyo, pamoja na umeme wa hita, iondoeni kwenye mshahara mpya kabla ya kuulinganisha na wa Dar.